Barua kwa mwanangu anayekwenda Brno, Ucheki, kusomea minyoo ya ndege

Mwanangu mpendwa,

Hapa Morogoro hatujambo. Tangu redio itaje mafua ya ndege huko Ulaya, sipati usingizi wa maana. Uliniambia kwenye simu kwamba minyoo ya ndege wa porini kwa kawaida haina shida na mtu. Sawa. Mimi siogopi mnyoo, naogopa kilichomwua ndege kabla hujamlaza kwenye trei ya kupasulia. Hong Kong mwaka 1997 waliugua watu 18, wakafa 6, na chanzo kilikuwa kuku. Vaa barakoa. Glavu nazo vaa mbili mbili.

Kazi yenyewe umeiva, hilo silifichi. Mchoro wako wa Diplotriaena, yule mnyoo wa duara wa ndege, na vile vijiti viwili vya ncha tatu tatu kichwani, nimewaonyesha mafundi wenzangu wote wa maabara ya zamani. Lakini una haraka, na ulipokosolewa ulinuna. Minyoo ya duara itumbukize ingali hai katika spiriti ya asilimia 70 iliyopashwa, ife imenyooka. Ikifa imejikunja, utapimaje mkia wa dume? Na bila dume, mara nyingi unaishia kwenye jenasi tu, spishi huipati. Hiyo spiriti ipashe ndani ya maji ya moto, usiiweke juu ya moto! Ile ya kichwa cha miiba ilaze kwenye maji ndani ya friji usiku kucha, pua itoke yenyewe, ndipo uhesabu safu za miiba. Tegu na minyoo bapa utaitia rangi ya kamini. Michache iweke pembeni kwenye spiriti kali kwa ajili ya vinasaba, dawa ya formalini isiiguse.

Na usikimbilie kusema spishi mpya. Mnyoo uleule ukikulia ndani ya ndege mwingine hubadilika urefu, na majina yamerundikana tangu enzi za Rudolphi, yule mtaalamu wa minyoo wa zamani, mengine yametolewa kwa mnyoo mmoja uliochakaa. Pima mingi. Omba kuona vielelezo vya asili kwenye makumbusho, vile vilivyobeba jina kwa mara ya kwanza. Ukiona kweli ni mpya, chako nacho kihifadhiwe makumbusho na namba yake, wala kisibaki kwenye droo ya mwalimu.

Narudia habari ya ndege waliookotwa wamekufa. Usiwapasue peke yako usiku, na uulize kwanza kama wamepimwa virusi. Sisi tulipasua kuku kwa mikono mitupu, kinga yetu sabuni ya mche. Mwenzetu mmoja alikohoa hadi akaacha kazi, na hakuna aliyeuliza. Vaa barakoa hata wenzako wa huko wasipovaa.

Kuku wa mama yako nimewafungia bandani, maana shore wanashuka kwenye mpapai na kula nao chombo kimoja. Mama hajafurahi, anasema nimeanza woga wa uzee. Bati la jikoni limeng'olewa na upepo, na fundi anataka pesa kabla hajapanda. Sweta mbili zipo, nyingine utanunua hukohuko. Jumamosi njoo mapema uchukue vyeti, na uje na zile risiti za ada, mjomba wako ameziulizia tena.

Baba yako