Barua kwa mwanangu: hilo semi liache hapo hapo Newala

Lindi, Jumanne usiku

Mwanangu,

Mama yako hajambo, ni goti tu. Amelala na furaha yake kwamba mnahamia Lindi. Mimi nimebaki na taa kwa sababu ya lile jambo ulilolisema mwishoni mwa simu, haraka haraka, kama mtu anayepitisha mzigo mlangoni akiomba mwenye nyumba asiutazame: kwamba vyombo vitakuja kwa semi, lile lori la kichwa na tela, na dereva ni wewe.

Hesabu yako nimeielewa. Gari limeshusha saruji, dereva amepata msiba kaondoka, mwenye gari ni rafiki yako na anataka lirudi Mtwara. Tela tupu, mafuta ya kwake, makochi yanafika mlangoni kwetu bure. Hata mimi ningetamani. Lakini leseni yako ni daraja D, ya gari dogo, na lori linataka E. Hilo nisilirefushe, trafiki wa kwanza pale Masasi atakueleza vizuri kuliko mimi. Ujue tu kwamba ukimgonga mtu na leseni isiyohusika, bima nayo inaweza kukuruka.

Ninalotaka kukwambia ni jingine. Lile kovu kwenye ubavu wa kabati tulilowapa mlipooana, ulikuwa ukiniuliza udogoni, nikakujibu panya. Panya gani huyo anayekula mninga? Ni mimi.

Nilikuwa nimeendesha Bedford miaka minne, lori la bodi moja. Nikapewa semi, na wiki ya pili tu nikajiona fundi. Mama yako ana mimba yako ya miezi saba, tunahama Masasi kuja hapa, nikaomba nipitie na vyombo vyangu. Njiani mambo yalikuwa mazuri mno: Ndanda, Nyangao, Mtama, mpaka Mnazi Mmoja naimba, utingo kalala. Ndiyo maana siogopi sana ile lami, baba. Lami itakudanganya kwamba unajua.

Kazi ilianza zilipobaki hatua thelathini kufika nyumbani. Ilibidi nirudi nyuma niingie uchochoroni. Ukirudi na tela, usukani ukiupeleka kulia, mkia unakwenda kushoto. Mdomoni nilikuwa nalijua hilo, mikono ilikuwa hailijui. Tela likapinda kidogo, nikalirekebisha kwa namna ya gari la kawaida, likazidi kupinda, nikazidi kurekebisha, mpaka kichwa na tela vimekunjana kama kiwiko na kwenye kioo sioni ila ubavu wa tela lenyewe. Utingo anapiga bodi, "Simama! Simama!" Nikasikia ukuta wa choo cha jirani unalala chini. Alhamdulillahi, hakukuwa na mtu ndani. Tela likaishia kwenye mwembe, kabati nililolifunga kwa mpira wa baiskeli likaruka likajipiga kwenye chuma cha bodi, na bakuli za mama yako zikateremka mtaani moja moja, watoto wanazikimbiza. Choo nilikijenga upya kwa mshahara wa mwezi mzima. Mama yako hakuniongelesha mpaka ulipozaliwa.

Na mimi nilianza na tambarare. Wewe unataka kuanza kwa kuteremka kutoka Newala, juu ya uwanda wa Makonde.

Breki za gari hilo ni za upepo. Injini inaujaza kwenye mitungi, na kila unapokanyaga, kiasi kinatoka. Katika gari lako dogo umezoea kugusa-gusa breki mlimani. Fanya hivyo na semi, uone mshale wa upepo unavyoshuka, halafu king'ora kinaanza kulia kwenye dashibodi, na upepo ukipungua zaidi ya hapo springi zinayabana magurudumu zenyewe, mahali zinapotaka zenyewe. Ukikwepa hilo kwa kukandamiza pedeli muda wote, magurudumu yanapata moto, unaanza kunusa kitu kama godoro linaloungua, na breki haishiki tena. Gia ya kuteremkia huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza, halafu injini ndiyo inalizuia gari. Ukikumbuka gia ukiwa katikati, na gia zenyewe ziko 12 au 16, utaitoa uliyokuwa nayo na hiyo nyingine hutaipata. Gari litakuwa huru na tani zake kama 15 kabla hata ya makochi.

Tena usiseme "tela tupu, jepesi." Tupu ndilo baya. Halina uzito wa kuyakandamiza matairi, kwa hiyo ukishika breki kwenye mchanga au lami yenye maji, tela linateleza na kutaka kukupita. Na kwenye kona matairi ya nyuma hayafuati ulikopita, yanakata ndani, na huko ndani ndiko bodaboda wanakopaki. Kutoka Masasi kuja huku utakutana na malori ya makaa ya mawe yanayokwenda bandarini Mtwara, mengine yanakusukuma kwa nyuma na taa. Mwenye uzoefu anawapisha. Mgeni anaongeza mwendo.

Nimeuliza. Vyombo vyenu havijazi hata Fuso moja, na Fuso za kukodi zipo Masasi. Kama rafiki yako kang'ang'ania gari lake lirudi na mzigo wenu, basi atafute dereva wa daraja E na utingo wake, nanyi mchangie posho yao. Wewe panda basi na mkwe wangu na watoto. Huku kwetu lisijaribu kuingia mtaani, nyaya za umeme zimeshuka na mwembe ule ule bado upo. Lisimame barabara kuu, nitakuwa nimewaita vijana wawili wa guta wamalizie.

Nusu ya gharama natoa mimi, hela ya ufuta ninayo. Usiniambie utanirudishia.

Kabati lisikae nyuma kabisa. Lifungeni kwa kamba ya katani, mpira hapana, na katikati ya kamba na mbao muweke gunia. Bakuli mzifunge kwenye khanga. Mama yako anasema zilibaki saba na atazihesabu.

Baba yako