Taasisi isijichunguze yenyewe mtoto anapodhulumiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo waumini wenzangu wengi wangependa lisizungumzwe hadharani, nalo ni ukimya unaotanda kila inapobainika kwamba mtoto amenajisiwa, au amepigwa na kuteswa, ndani ya kanisa au katika kituo cha kulelea watoto. Ukimya huo hautokani na viongozi kukosa habari. Mara nyingi habari wanazo, tena kwa maandishi, na wamezihifadhi mahali ambapo polisi na wazazi hawawezi kuzifikia. Kwa sababu hiyo naamini kwamba uamuzi wa kutoa taarifa au kutotoa hauna budi kuondolewa mikononi mwa taasisi na kuwekwa katika sheria, ukawa wajibu wa kila mtu mzima anayehudumia watoto, awe padri, mchungaji, mtawa, mlezi, mpishi au mlinzi wa getini.

Nianze na ushahidi kwamba habari wanazo. Novemba 2009 ilitoka nchini Ireland ripoti ya tume iliyoongozwa na Jaji Yvonne Murphy, iliyochunguza jinsi Jimbo Kuu Katoliki la Dublin lilivyoshughulikia malalamiko dhidi ya mapadri kati ya mwaka 1975 na 2004. Viongozi wa jimbo walijitetea kwamba katika miaka hiyo hawakulielewa vizuri tatizo hili na walikuwa wakijifunza taratibu. Tume ilikuta kwamba mwaka 1987 jimbo hilohilo lilikata bima ya kujikinga na madai ya watu waliodhulumiwa na mapadri wake. Hakuna anayelipia bima ya hatari asiyoijua. Fedha za jimbo zilitafutiwa kinga mapema, na watoto waliokuwa wakitumikia altareni katika miaka hiyohiyo hawakutafutiwa yoyote.

Hali ilikuwa hivyohivyo katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ambako jopo la wananchi walioapishwa na mahakama lilisoma nyaraka za majimbo sita ya Kanisa Katoliki na kutoa ripoti Agosti 2018. Ripoti hiyo ilitaja mapadri 301 na zaidi ya watoto 1,000 waliotambuliwa kutokana na nyaraka za Kanisa lenyewe, nyingi zikiwa zimetoka katika hifadhi ya siri ambayo, kwa sheria za Kanisa, ufunguo wake hukaa kwa askofu. Kinachoumiza zaidi kuliko idadi ni jinsi hatua zilivyofanana kutoka jimbo moja hadi jingine. Malalamiko yakifika, alichaguliwa padri mwenzake amhoji mtuhumiwa, mtu asiye na ujuzi wowote wa upelelezi. Mtuhumiwa alipelekwa kupimwa katika kituo cha tiba kinachoendeshwa na Kanisa, na maoni ya wataalamu yakategemea zaidi yale aliyoyasema mwenyewe. Waumini wa parokia waliambiwa kwamba padri wao yuko likizo ya ugonjwa. Posho na nyumba havikukatizwa, na baada ya muda alipangiwa parokia nyingine ambako hakuna mzazi aliyejua lolote juu yake. Polisi hawakuambiwa.

Uhamisho ndio uliofanya madhara makubwa kuliko yote, na ndio unaotuhusu sana sisi tunaopokea watumishi kutoka mbali kwa heshima na shukrani. Nchini Uingereza alikuwapo wakili mashuhuri, John Smyth, mlei wa Kanisa la Anglikana aliyeongoza kambi za Kikristo za vijana na kuwachapa wavulana kikatili kwa kisingizio cha kuwarekebisha kiroho. Mwaka 1982 padri mmoja aliandika taarifa ya siri kuhusu matendo hayo, ikasomwa na viongozi wachache, wakakubaliana isifike polisi. Smyth aliondoka Uingereza, na mwaka 1984 akahamia Zimbabwe, ambako alianzisha kambi nyingine za wavulana. Katika kambi mojawapo kijana wa miaka 16 alikutwa amekufa mwaka 1992, na mashtaka yaliyofunguliwa dhidi ya Smyth hayakufika mwisho. Baadaye alihamia Afrika Kusini, akafariki huko mwaka 2018 bila kuhukumiwa popote. Uchunguzi uliochapishwa Novemba 2024 ulihesabu waathirika zaidi ya 100, sehemu kubwa yao wakiwa wavulana wa Afrika, na ukaonyesha kwamba hata baada ya habari kuwafikia viongozi wa juu wa Kanisa hilo mwaka 2013 bado hatua za maana hazikuchukuliwa. Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alijiuzulu mwezi huohuo.

Naomba wasomaji watafakari maana ya taarifa ile ya 1982. Wale viongozi walipoamua kuifungia kabatini, hawakuwa wakilinda jina la Kanisa peke yake. Walikuwa wakiamua, bila kuwauliza, kwamba watoto wa nchi nyingine wabebe hatari ambayo watoto wao wameondolewa. Sidhani kama walikusudia hivyo, lakini hayo ndiyo yaliyotokea, na wazazi wa Zimbabwe waliowapeleka vijana wao kambini hawakupata nafasi ya kukataa.

Katika vituo vya kulelea watoto hali ni mbaya zaidi, na hapa naomba nikae kidogo. Mtoto wa parokiani jioni hurudi nyumbani, na pengine yuko mama au shangazi atakayeona kwamba amebadilika, halali vizuri, hataki tena kwenda mafundisho. Mtoto wa kituoni hana pa kurudi. Mtu anayemdhulumu ndiye huyohuyo anayeshika ufunguo wa bweni, anayegawa chakula, anayeamua nani alipiwe karo na nani asubiri, na ndiye anayempokea afisa wa ustawi wa jamii anapokuja kukagua. Mtoto akithubutu kusema, ataonekana mwongo asiye na shukrani, na usiku atalala chini ya paa la mtu yuleyule anayemlalamikia. Wafanyakazi wengine wa kituo nao wanajua kwamba kituo kikifungwa ajira imekwisha, na wafadhili wakisikia wataondoka. Hivyo kila mmoja ana sababu yake ya kunyamaza, na sababu hizo zote kwa pamoja humwelemea mtoto mmoja.

Ripoti ya Tume ya Ryan, iliyotolewa pia Ireland mwezi Mei 2009 kuhusu shule za ufundi na za marekebisho zilizoendeshwa na mashirika ya kitawa, ilieleza wazi kwamba serikali nayo ilikuwa sehemu ya ukimya. Wakaguzi wa wizara ya elimu waliyaonea haya mashirika hayo na kuyanyenyekea. Ziara zao zilijulikana mapema, na ni mara chache walizungumza na watoto wenyewe. New Zealand nayo, katika ripoti ya tume yake ya kifalme (yaani tume rasmi ya uchunguzi) iliyotolewa Julai 2024, ilikadiria kwamba kati ya watu wapatao 655,000 waliolelewa katika vituo vya serikali na vya dini kati ya mwaka 1950 na 2019, waliodhulumiwa wanaweza kufikia 200,000. Ukaguzi unaotangazwa wiki moja kabla, na unaoishia sebuleni kwa mkurugenzi, haumwoni mtoto hata kidogo. Mkaguzi aje bila taarifa, azungumze na watoto faragha, na aache njia ambayo mtoto anaweza kuitumia bila kupitia kwa mlezi wake.

Najua majibu yanayotolewa kwa hoja kama hizi, kwa sababu nimeyasikia kanisani na katika vikao vya familia. La kwanza ni msamaha. Nasamehe mimi kilichonikosea mimi. Siwezi kusamehe kwa niaba ya mtoto, wala msamaha haumzuii mkosaji kujibu mbele ya sheria. La pili ni kwamba mambo haya yamalizwe ndani, wazee wakae, familia ipewe chochote, yaishe. Yanaisha kwa wazee. La tatu, ambalo nalipa uzito, ni kwamba mtumishi anaweza kusingiziwa. Ni kweli anaweza. Lakini uchunguzi wa polisi na wataalamu wa watoto ndio pekee unaoweza kumsafisha asiye na hatia mbele ya watu, kwa kuwa aliyesafishwa na wenzake atabaki na minong'ono maisha yake yote.

La nne ni siri ya maungamo, na hapo sina jibu jepesi. Victoria nchini Australia ilitunga sheria mwaka 2019, na Queensland mwaka 2020, zinazomtaka padri atoe taarifa hata kama habari ameipata katika kitubio, na maaskofu walipinga vikali. Mabishano hayo yana uzito wake kwa anayeamini sakramenti. Ila nasikitika yanapotumiwa kuzuia sheria nzima, ilhali nyaraka za Dublin na Pennsylvania hazikutoka katika kiti cha maungamo. Zilikuwa barua za wazazi, kumbukumbu za vikao na taarifa za madaktari.

Ni haki niseme kwamba yako mabadiliko. Mei 2019 Papa Fransisko aliagiza mapadri na watawa wote watoe taarifa za unyanyasaji kwa mamlaka za Kanisa, na Desemba mwaka huo akaondoa siri ya kipapa, yaani usiri mkali wa Kanisa, katika mashauri ya aina hii, ili nyaraka ziweze kukabidhiwa kwa vyombo vya dola pale sheria za nchi zinapotaka. Niliyapokea kwa furaha. Hata hivyo agizo la Mei linampeleka mtoa taarifa kwa askofu kwanza, na polisi wanaingia tu pale ambapo sheria ya nchi inadai hivyo. Hivyo tumerudi palepale, kwamba bila sheria ya nchi mlango wa ofisi ya askofu au ya mkurugenzi wa kituo ndio unaobaki mwisho wa safari ya malalamiko.

Sheria hiyo iangalie pia suala la muda. Tume ya Kifalme ya Australia, iliyochunguza kuanzia 2013 hadi 2017 jinsi taasisi zilivyoshughulikia udhalilishaji wa watoto kingono, ilikuta kwamba manusura waliozungumza nayo faragha walichukua wastani wa takriban miaka 24 kabla ya kumwambia mtu yeyote. Mtoto wa miaka tisa anakuwa mtu mzima wa miaka 33 ndipo anapofungua kinywa. Ukomo wa kufungua mashtaka au madai ukiwa mfupi kuliko hapo, taasisi haina haja ya kukana chochote, inasubiri tu.

Kwako wewe, Mhariri, nina ombi. Mtumishi anayelea watoto anapoondolewa ghafla na ikatangazwa kwamba ni uhamisho wa kawaida, tafadhali waagize waandishi wako waulize kwa nini ameondolewa, amepelekwa wapi, na kama huko aendako kuna watoto. Jibu likikosekana, chapisheni kwamba limekosekana. Jina la mtoto na la kijiji chake lisiandikwe kamwe.

Wako,
Muumini na msomaji wa gazeti hili