Watazamaji wa gemu wasielemee kompyuta

Mhariri,

Wanafunzi wanaotengeneza gemu za michezo humalizia nguvu zao kwa kuchora watazamaji wa jukwaani. Mtazamaji wa safu za nyuma hahitaji vidole wala pua! Bapa lililoundwa kwa pembetatu 2, lenye picha yake, linatosha, mradi ligeuke kuifuata kamera ya gemu, yaani jicho la mchezaji. Picha zote za watazamaji zikusanywe kwenye faili moja ya pikseli (vinukta vya picha) 2048 kwa 2048, ili kompyuta iwachore kwa mkupuo. Paa na nguzo: tengeneza kipande kimoja, kisha kinakili kuzunguka uwanja.

Bango likilala sawasawa na ukuta, nyuso hizo mbili zitagombania pikseli na kumetameta kamera ikisogea. Lisogeze mbele kidogo, au ufute ukuta uliojificha nyuma yake.

Msomaji wenu