Barua ya wazi kwa mdogo wangu: sweta la mkono mmoja

Mdogo wangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikimtaja baba tu, unaniuliza habari za watoto. Jina lako sitalitaja, na mwenye mlango wake uliofungwa asome hapa kama barua yake.

Nilipokuja kwako juzi nililiona sweta unalomfumia baba. Limo kwenye mfuko nyuma ya mlango, sindano bado zimechomekwa kwenye uzi. Kifua na mgongo tayari, mkono mmoja tayari, wa pili umeishia kwenye kiwiko. Nikakuuliza mbona humalizii. Ukasema, "Nimalizie ya nini, dada? Mwenyewe hata mlango hatanifungulia." Nikanyamaza, nikaaga, nikaenda zangu. Jibu limenijia usiku, kama kawaida ya majibu.

Habari ya wale wanawake waliokwenda kaburini kwa Yesu umeisikia kila Pasaka tangu utotoni. Wahubiri wengi wana haraka ya kufika kwenye kaburi tupu (siwalaumu, ndiyo habari yenyewe), lakini mimi siku hizi nabaki njiani na wale wanawake. Fungua Marko 16. Sabato ilipokwisha, Maria Magdalene, Maria mama yake Yakobo, na Salome walinunua manukato. Alfajiri wakaondoka. Wakiwa njiani ndipo tunawasikia wakiulizana ni nani atakayewavingirishia lile jiwe.

Hebu tazama ule mfuatano. Fedha imeshatoka, manukato yako mikononi, miguu iko njiani, na swali la jiwe halina jibu. Usidhani walikuwa wamelisahau. Maria Magdalene alikuwepo Ijumaa, akaona mahali alipowekwa, na jiwe lenyewe Marko anasema lilikuwa kubwa mno. Wanaume ambao wangeweza kulisukuma? Yohana anasema hata jioni ya Jumapili ile walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu. Mathayo anaongeza muhuri na walinzi. Tena ukipiga hesabu, manukato yao hayakuwa na ulazima wowote, maana Nikodemo, aliyesaidia kumzika, alikwisha kuleta manemane na uudi yapata ratli mia. Lakini aliyekuwa amelala mle ndani ni mtu wao, na walitaka kumhudumia kwa mikono yao wenyewe.

Na hapa ndipo huwa nakwama kila nikisoma. Marko haandiki kwamba walikuwa na uhakika Mungu ataliondoa jiwe. Walikuwa wanakwenda kumpaka maiti mafuta, basi. Kama walikuwa na imani, ilikuwa miguuni. Mimi na wewe tumezoea kuomba jiwe liondoke kwanza, likishaondoka ndipo tutafute viatu. Wao walipoinua macho, kazi ilikuwa imeshafanyika. Kwa jinsi Marko anavyosimulia, hata kuliona likisogea hawakuliona.

Sasa usiniambie nakuahidi kwamba baba atafungua. Unakumbuka yule rafiki yangu tuliyekosana kwa maneno yangu mwenyewe? Nilikwenda kwake mara tatu kumwomba radhi. Mara ya tatu nilisikia redio ikizimwa ndani, kisha kimya. Nilisimama pale nikihesabu misumari ya ule mlango, nikaondoka. Mpaka leo hajafungua. Naumia, ndiyo, lakini sijawahi kujuta kwenda. Ninachojutia ni miezi niliyokaa nyumbani nikijiambia kwamba namsubiri Mungu, kumbe nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimeipa hofu yangu jina zuri, na nadhani na wewe umeipa yako jina hilohilo. Nisamehe kama nimekosea.

Kingine: manukato ya wale wanawake hayakutumika. Mwili haukuwepo. Walichobeba kwa gharama yao hakikumgusa aliyekusudiwa, na sijasoma popote kwamba waliambiwa wamepoteza fedha. Kwa hiyo hata baba akilipokea sweta akalitupa kwenye kiti, au akakataa kulipokea, kazi yako ilikuwa kulifuma. Moyo wake hujapewa wewe kuuvingirisha. Ukijaribu utaumia mgongo tu.

Jumamosi nakuja. Nitaleta uzi wa rangi ileile, nimeshautafuta nikaupata. Nitakaa hapo karibu yako mpaka mkono wa pili ufike kwenye kifundo, hata kama tutakesha. Jumapili asubuhi tutaondoka wote. Wale walikuwa watatu, sisi wawili tutatosha. Najua tukikaribia pale kwenye kona utanishika mkono uniulize, "Dada, sasa nani atatufungulia?" Nami nitakuambia sijui, na tutapita kona.

Dada yako