Barua ya kufunga muhula: mtoto mwenye homa abaki nyumbani

Ndugu Wazazi na Walezi,

Salaam. Muhula umekwisha salama na mitihani yote imefanyika. Ripoti zimo ndani ya bahasha hii. Zisomeni pamoja na watoto, mtie sahihi, mzirudishe siku ya kufungua. Alama za hesabu zimepanda katika madarasa ya juu. Hongera kwao na kwa walimu wao.

Lakini fahari yangu ya muhula huu ni maonyesho ya sayansi ya darasa la sita. Ambao hamkufika, mmekosa jambo. Watoto walichagua wenyewe kueleza jinsi influenza, yale mafua makali yenye homa, yanavyoweza kugeuka janga la dunia. Kabla wageni hawajaingia walimpaka mwenzao unga wa chaki ya buluu kiganjani, wakamwambia aendelee na shughuli zake. Wageni walipokwisha kuketi, wakaanza kuitafuta ile buluu. Ilikuwa kwenye kitasa cha mlango, kwenye koki ya bomba, kwenye kalamu za watu, na shavuni kwa mtoto wa darasa la kwanza ambaye hakumgusa kabisa yule mwenye chaki. Ukumbi mzima ulinyamaza. Kisha binti mmoja akasema kwamba chaki inaonekana ila virusi havionekani, na tena mikono ni njia moja tu: anayekohoa au kupiga chafya bila kujiziba humrushia matone ya ugonjwa aliye karibu naye.

Walieleza historia bila kutazama karatasi. Influenza ya mwaka 1918 iliwapata takriban theluthi moja ya watu wote duniani, na inakadiriwa kuwa iliua watu wasiopungua milioni 50, wengi wao vijana wenye nguvu zao. Yakafuata majanga ya 1957, 1968 na 2009. Mzazi mmoja akauliza swali zuri sana: mbona mafua ya kila mwaka hayaitwi janga? Akajibiwa kwamba virusi vya mafua hubadilika kidogo kidogo, ndiyo maana chanjo nayo hurekebishwa mara kwa mara. Lakini mara chache virusi vya aina A vya ndege, nguruwe na binadamu hukutana ndani ya mwili mmoja, vikachanganya vinasaba, kikazaliwa kirusi kipya ambacho kinga za watu wengi hazijapata kukutana nacho. Nimefundisha miaka mingi; sijasikia jambo hili likielezwa kwa wepesi namna ile.

Wakamaliza kwa miji miwili ya Marekani. Septemba 1918, mji wa Philadelphia uliruhusu gwaride kubwa wakati ugonjwa umeshaingia, na siku chache baadaye hospitali zikafurika. St. Louis ilifunga shule na kuzuia mikusanyiko mapema, na makali ya vifo hayakufikia yale ya Philadelphia.

Sasa nasema lililoniuma.

Katika juma la mitihani, muda mfupi tu baada ya maonyesho hayo, mafua makali yaliingia darasa la tano. Mtoto mmoja alilaza kichwa juu ya dawati katikati ya mtihani, mwili unawaka. Mwalimu alipomuuliza, akanong'ona kwamba alfajiri alipewa dawa ya kushusha homa na akaambiwa asiseme shuleni. Hakuwa peke yake. Juma halijaisha, madawati yalikuwa wazi, na mwalimu wao ambaye ni mjamzito naye akalazwa. Wajawazito, watoto wachanga, wazee na wenye pumu ndio influenza huwaumiza zaidi, na wengi wenu mnaye mmoja wao nyumbani.

Wazazi wenzangu, hapa sitazunguka. Dawa ya homa hushusha homa, haiui virusi. Mgonjwa huanza kuambukiza karibu siku moja kabla ya dalili, na huendelea kwa siku tano hadi saba. Watoto wadogo huweza kuzidisha. Kumpeleka darasani mtoto wa namna hiyo ni kuwagawia wenzake ugonjwa, na kumfundisha kuuficha ni kumfundisha kumdanganya mtu anayemlinda. Atarudi shuleni saa 24 zikipita bila homa na bila dawa ya kuishusha. Mtihani atafanya akipona. Hakuna mtoto wa shule hii atakayefeli kwa sababu aliumwa.

Wapo pia waliowabakisha watoto nyumbani bila kutuarifu. Kubaki ni sawa. Kukaa kimya si sawa. Tukijua mapema kwamba darasa moja lina wagonjwa wengi, tunaweza kuchukua hatua kabla shule nzima haijaambukizwa.

Msiwape antibayotiki zilizobaki kabatini, kwa kuwa haziui virusi. Msiwape aspirini watoto wenye mafua, kwani inaweza kuwaletea madhara mabaya ya ini na ubongo. Mtoto akipumua kwa shida, midomo ikibadilika rangi, akikataa kunywa, akilegea asiamke vizuri, au homa ikishuka kisha ikarudi kwa nguvu, mkimbizeni hospitali. Kuhusu chanjo ya mafua, ulizeni kliniki: hutolewa kuanzia umri wa miezi sita, na kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka.

Wanaochukua sabuni bombani tunawafahamu, na wazazi wao wataitwa. Wenye ada iliyobaki, wamwone mhasibu kabla ya kufungua. Vitabu vya maktaba virudishwe.

Kuanzia muhula ujao, mwalimu wa zamu atasimama langoni kila asubuhi. Mtoto mwenye homa hataingia darasani. Atakaa chumba cha wagonjwa hadi mzazi afike kumchukua. Kwa hiyo andikeni nyuma ya ripoti namba ya simu inayopatikana mchana, na jina la mtu mwingine wa kumchukua iwapo ninyi mko kazini.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu