Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya, kwa Mwenye Nacho na Asiye Nacho

Heri ya sikukuu, ndugu wasomaji! Salamu ziwafikie mliokwishalipwa, mnaosubiri kulipwa, na hasa wewe uliyeketi na kipande cha karatasi, ukifuta kitu kimoja baada ya kingine mpaka jumla ikubaliane na kilichomo mfukoni.

Mwisho wa mwaka ndipo kipato cha mtu huanikwa juani. Miezi kumi na moja dhiki hufichika nyuma ya mlango. Desemba watoto hutoka nje, nani kavaa nini kila mtu akaona. Mwaka 1776 mwanauchumi wa Uskoti, Adam Smith, aliligusa jambo hili kwa mfano wa shati la kitani. Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri tu bila kitani, lakini katika Ulaya ya siku zake kibarua angeona haya kutokea mbele za watu bila shati hilo. Majirani wakishavaa, asiye nalo hujifungia ndani. Ndiyo maana pengo la kipato huuma hata mahali ambapo hakuna anayelala njaa.

Wanaopima ustawi huuliza swali fupi: fikiria ngazi yenye vipandio kuanzia 0 hadi 10, juu kabisa yakiwa maisha bora kuliko yote unayoweza kuyapata; wewe umesimama wapi? Majibu hupanda pamoja na kipato, ila kwa uwiano. Mwenye laki 1 kwa mwezi akifikisha laki 2, hupanda karibu sawa na mwenye milioni 1 aliyefikisha milioni 2. Ile laki 1 ukimpa mwenye milioni, umemwongezea asilimia 10 tu.

Mwaka 2010 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na mwanauchumi Angus Deaton walionyesha kuwa Marekani, furaha ya siku hadi siku haikuongezeka sana baada ya dola 75,000 kwa mwaka. Matokeo hayo yamenukuliwa mno, na mara nyingi na watu ambao tayari wamevuka kiwango hicho. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtafiti wa furaha, Matthew Killingsworth, alipopima upya mwaka 2021 aliona furaha ikiendelea kupanda, na mwaka 2023 yeye na Kahneman, pamoja na mwanasaikolojia Barbara Mellers, wakakubaliana kuwa kikomo cha namna hiyo kipo hasa kwa wale wenye huzuni kuliko wengine. Katika mjadala wote huo hakuna aliyegundua kuwa ufukara hauumizi.

Tena hauumizi tumbo peke yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, walipewa mazoezi ya kufikiri kabla ya mavuno, fedha zikiwa zimekwisha, na tena baada ya mavuno. Mkulima yuleyule alifanya vibaya zaidi kabla. Kichwa kinachozungusha madeni usiku kucha hakibaki na nafasi ya mambo mengine.

Hapo ndipo mkopo wa sikukuu humkamata mtu. Mkopeshaji anasema "asilimia 10 tu kwa mwezi". Mkopaji anazidisha kwa 12, anapata 120, anajipa moyo. Lakini riba isiyolipwa nayo huzaa riba: elfu 50 iliyoachwa mwaka mzima hufika karibu 156,900, yaani riba ya takriban asilimia 214. Ukilazimika kukopa, uliza kwanza kama riba inatozwa juu ya riba, na ulipe walau riba ya kila mwezi ili deni lisivimbe.

Mwenye nia ya kutoa, atoe mapema, wiki mbili kabla kama inawezekana. Zawadi inayofika usiku wa mkesha humkuta mtu amekwishakopa. Atoe fedha taslimu, kwa siri, bila kamera, maana anayepewa ndiye ajuaye kama tatizo lake ni chakula, kodi ya nyumba au dawa.

Waajiri nao wana mtego wao, ingawa wengi huutega kwa nia njema: kulipa mshahara wa Desemba tarehe 20 kama hisani. Malipo yanayofuata yakija tarehe 31 Januari, mfanyakazi ana siku 42 za kuvuka kwa mshahara uliozoea siku 30 au 31. Mpeni nusu tarehe 20 na nusu iliyobaki tarehe 31 Desemba, au Januari nayo lipeni tarehe 20. Asiwepo wa kuiita hiyo bonasi. Ni jasho lake mwenyewe.

Basi sherehekeeni salama, na tunawatakia nyote Januari isiyo na mgeni wa kudai mlangoni.