Elfu hamsini kwa kuchomoa waya mmoja?

"Fundi, umekaa nusu saa, umechomoa waya mmoja, unanidai elfu hamsini?" Ndiyo bosi, elfu hamsini. Maneno haya nayasikia karibu kila mwezi, kwa hiyo leo nayajibu hapa.

Bosi mmoja aliyeniambia hivyo duka lake liko Kariakoo, kompyuta nane. Intaneti inakuja, inakata, inarudi. Kabla ya kutuita alishanunua swichi mpya ya matundu 24, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa waya, kwa kuwa jirani alimwambia ya zamani imechoka. Akaifunga. Tatizo palepale.

Swichi ya kawaida haiangalii anwani ya IP, ile namba ambayo kila kifaa hupewa kwenye mtandao. Inafuata MAC, ile namba ya kadi ya mtandao yenye tarakimu 12. Kompyuta ikitaka kutoka nje huuliza mtandao mzima: nani mwenye 192.168.1.1, yaani anwani ya ruta, kifaa kinacholeta intaneti? Hiyo ndiyo ARP. Mwenyewe hujibu kwa MAC yake, kompyuta inaihifadhi. Sasa wakijibu wawili?

Kwenye kompyuta ya keshia niliandika arp -a, amri inayoonyesha MAC zilizohifadhiwa, nikanakili MAC ya ruta. Mtandao ulipokata nikarudia: anwani ileile, MAC nyingine. Tarakimu sita za mwanzo humtaja mtengenezaji, na hakuwa wa ruta yake. Nikafuata waya hadi stoo. Kijana wake alikuwa amechomeka ruta kuukuu ya nyumbani apate matundu ya ziada, nayo ni 192.168.1.1, nayo inagawa anwani! Kuchomoa kulichukua sekunde moja. Muda mwingine wote nilikuwa nasubiri mtandao ukate.

Ruta kuukuu inaweza kufanya kazi ya swichi, sikatai. Zima kwanza DHCP yake, yaani kule kugawa anwani, ibadilishe anwani, na usiguse tundu la WAN, lile la kuingiza intaneti.

Wengine huponzwa na printa. Ofisi moja waliipa 192.168.1.20 kwa mkono, katikati ya anwani ambazo ruta inagawa. Usiku printa inazimwa, asubuhi ruta inaiona namba iko wazi, inampa mhasibu. Printa ikiwashwa, vurugu. Walishabadilisha waya mara mbili kabla sijafika.

Ukituita, usizime chochote. Mkizima na kuwasha kila kitu, yale majedwali ya ARP, zile MAC zilizohifadhiwa, yanafutika na mimi naanza upya, kwa bei ileile.

Yule bosi alilipa, kwa kununa. Swichi yake ya zamani, nzima kabisa, alishaiuza kwa wanunua vyuma chakavu.